Tarehe Kabla ya Semina: barua ya wazi kuhusu msongo wa mawazo katika makazi ya wakimbizi

Kwa wasimamizi wa makazi ya wakimbizi magharibi na kusini-magharibi mwa Uganda, kwa wakuu wa vituo vya afya vilivyomo humo, na kwa mashirika yanayogharimia huduma za afya ya akili.

Waheshimiwa,

Sisi ni kundi la washauri wa afya ya akili tunaofanya kazi kwa Kiswahili miongoni mwa wakimbizi kutoka Kongo. Kiswahili ndicho wanachokutania Mbembe, Mfulero, Mnyabwisha na Mhema kwenye foleni ya maji, na ndicho tunachowaandikia. Hatuombi gari wala jengo jipya. Mengi tunayoomba yanagharimu karatasi, kalamu na nidhamu ya kazi.

Msimamo wetu tuutoe mapema usije ukapotea katikati ya maelezo. Vita vina sehemu yake katika mateso tunayoyaona, na hatuipunguzi. Lakini sehemu kubwa ya yale yanayomfikisha mtu kwa mshauri, mwaka wa tatu au wa nane tangu avuke mpaka, ni kutojua: kutojua rasheni itatoka lini, kama jina lake limo kwenye orodha, faili lake liko meza ya nani, na amuulize nani. Sehemu hiyo iko mikononi mwenu. Mkiiacha kama ilivyo halafu mkagharimia semina za kutuliza mawazo, mnatutuma kuteka maji kwa pakacha.

Tueleze kwanza mwili unavyofanya kazi, maana maamuzi mengi mabaya huanzia hapo. Hatari inapotokea, ndani ya sekunde chache adrenalini humwagika kwenye damu: moyo unakwenda mbio, misuli inakaza, tumbo linasimamisha kazi yake. Baada ya hapo inafuata hatua ya pili iliyo ya polepole. Ubongo hupeleka taarifa kwenye tezi zilizo juu ya figo, nazo hutoa kotisoli, homoni inayofika kileleni takriban dakika 20 hadi 30 baada ya tukio. Kotisoli huweka sukari tayari kwenye damu ili mtu aendelee kupambana. Tukio likiisha, inashuka. Mpango huu ni mzuri kabisa kwa hatari yenye mwanzo na mwisho. Hatari isiyo na mwisho huuharibu. Usingizi unakatika, shinikizo la damu linapanda, kinga ya mwili inadhoofika, kumbukumbu inakuwa na matundu. Hans Selye, aliyefanya kazi Montreal, alieleza mwaka 1936 jinsi panya waliosumbuliwa kwa njia tofauti kabisa walivyoishia na mabadiliko yale yale: tezi za juu ya figo zimevimba, tumbo lina vidonda.

Binadamu ana jambo la ziada, nalo ni kupima. Richard Lazarus na Susan Folkman walilipanga vizuri mwaka 1984. Mtu anapokutana na jambo hujiuliza maswali mawili, hata kama hayasemi kwa mdomo: je, hili linanitishia? Na je, nina nini cha kulikabili? Msongo hutokea pale jibu la kwanza linapozidi jibu la pili. Ndiyo maana majirani wawili waliopunguziwa rasheni siku moja hawaumii sawa. Mmoja ana kipande cha shamba la kukodi, ana likelemba (kikundi cha kuchangishana na kupeana fedha kwa zamu), ana binamu mjini Mbarara. Mwingine hana.

Kutokana na hayo zipo njia mbili kubwa za kukabiliana. Moja ni kulishughulikia tatizo lenyewe: kuuliza, kupanga, kukata rufaa, kutafuta kazi. Nyingine ni kuzituliza hisia zinazoletwa na tatizo: kusali, kuimba kwaya, kuongea na mwenzako, kupumua taratibu, na kwa upande mbaya, waragi, ile pombe kali ya hapa Uganda. Tatizo linaloweza kubadilika hudai njia ya kwanza. Lisilobadilika, kama msiba, hudai ya pili. Makosa huja zinapobadilishana nafasi, na kosa tunaloliona mara nyingi ni la aina moja: mtu ana tatizo ambalo ofisi ingeweza kulimaliza kwa jibu la mstari mmoja, anaelekezwa kwenye kikundi cha kutuliza hisia.

Kutojua kunaumiza peke yake, mbali na ubaya wa jambo lenyewe. Karibu na mwaka 1970 mtafiti wa Marekani Jay Weiss aliweka panya wawiliwawili, wote wakipigwa umeme wa nguvu ile ile na idadi ile ile. Mmoja alisikia mlio kabla ya kila pigo, mwingine hakusikia lolote la kumwonya. Aliyekosa onyo ndiye aliyepata vidonda vingi zaidi tumboni. Mwaka 2016 watafiti wa London walichapisha jaribio la watu 45 waliokuwa wakikisia, katika mchezo wa kompyuta, kama chini ya jiwe kuna nyoka. Nyoka akitokea, mchezaji anapigwa umeme mkononi. Jasho na mboni za macho vilionyesha msongo mkubwa kuliko wote pale uwezekano ulipokuwa nusu kwa nusu. Waliojua kwa hakika kwamba wangepigwa walikuwa watulivu kuliko waliobaki na "huenda".

Jaribio la tatu linawahusu ninyi zaidi. David Glass na Jerome Singer, katika kazi waliyoichapisha mwaka 1972, waliwasikilizisha watu makelele yasiyotabirika. Baadhi waliambiwa kuna kitufe cha kuyazima, ila wakaombwa wasikibonyeze bila haja. Wengi hawakukigusa. Hata hivyo, baadaye walivumilia mafumbo magumu na kusahihisha maandishi vizuri kuliko wenzao wasio na kitufe. Kujua tu kwamba kuna mahali pa kubonyeza kulitosha kuwapunguzia.

Sasa tazameni makazi yetu. Mei 2025 Shirika la Mpango wa Chakula Duniani lilieleza kwamba watu milioni moja nchini Uganda wameondolewa kwenye msaada wa chakula kwa ukosefu wa fedha. Hatuwalaumu mameneja wa hapa kwa fedha ambazo hawana. Ila kati ya kusikia fununu na kupata hakika, familia inaweza kukaa wiki nyingi kwenye ile nusu kwa nusu, haijui kama iuze mbuzi, imtoe mtoto shule au isubiri. Muda huo ndio unaoharibu watu, na muda huo mnaweza kuufupisha bila hata shilingi moja ya chakula.

Tunaomba yafuatayo kuhusu taarifa. Tarehe ya mgao au ya uhakiki wa majina itangazwe angalau siku 14 kabla. Pale ambapo tarehe haijulikani, itangazwe siku ambayo mtazungumza tena, mathalani "Jumatatu ya kwanza ya mwezi tutawaambia tulichonacho, hata kama hatuna kitu", na siku hiyo mtu asimame mbele ya watu na kusema. Habari mbaya yenye tarehe inabebeka kuliko habari isiyokuja. Na tahadhari: msitoe tarehe msiyoweza kuitimiza. Tarehe ikivunjwa mara mbili, tangazo la tatu halisikilizwi tena, na mtakuwa mmefundisha watu kwamba hata mlio wa onyo ni uongo. Ni afadhali kusema "kati ya tarehe 10 na 20" kuliko kusema "tarehe 12" kwa kubahatisha.

Matangazo yawe kwa maandishi makubwa ya Kiswahili chepesi kwenye ubao ulio njiani, sio ndani ya ua wa ofisi, na yasomwe kwa kipaza sauti, kanisani, msikitini, na pia na viongozi wa vijiji, kwa maneno yale yale yaliyoandikwa. Kila kiongozi akieleza kwa maneno yake, jioni kuna matangazo manne. Kwenye foleni toeni namba, ili mama mwenye namba 180 arudi kupika badala ya kusimama juani tangu alfajiri akiogopa kupitwa. Anayekataliwa apewe karatasi yenye sababu, siku ya mwisho ya kukata rufaa, na dirisha la kwenda. Hicho ndicho kitufe.

Jambo moja kuhusu mahojiano, ambalo maofisa wengi hulisoma vibaya. Msongo mkali unaziba njia ya kuchota kumbukumbu, hasa tarehe na mpangilio wa matukio. Aliyelala kwa muda wa saa tatu, aliyekaa nje ya mlango tangu asubuhi, anaweza kukosea mwaka wa kuzaliwa wa mwanawe. Kutofautiana kwa maelezo ya leo na ya mwezi uliopita peke yake si ushahidi wa udanganyifu. Mwulizeni swali moja kwa wakati mmoja, mpeni nafasi ya kurudi nyuma, na mwishoni mwambieni hatua inayofuata mara mbili kisha mwandikieni. Mkalimani asiwe jirani yake, na kamwe asiwe mtoto wake. Kuna mambo ambayo mama hatayasema kupitia kinywa cha binti wa miaka 12, na kuna mambo ambayo binti huyo hapaswi kuyabeba.

Tukija kwenye huduma zenyewe, yapo mambo matatu tunayoomba yakome.

La kwanza ni kile kikao kimoja cha kuwakusanya watu baada ya tukio baya na kumtaka kila mmoja asimulie aliyoyaona. Tafiti zimekifuatilia kwa miaka mingi, hakizuii madhara, na baadhi ya watu kinawaongezea. Msaada wa mwanzo ni mwingine kabisa: usalama, maji, kuwakutanisha na ndugu zao, kumsikiliza anayetaka kusema na kumwacha anayetaka kunyamaza.

La pili ni vidonge vya diazepamu, dawa ya kutuliza na kulaza, vinavyotolewa ovyo kwa kila anayesema hapati usingizi. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2013 unasema wazi dawa za jamii hiyo zisitumike kutibu dalili za mshtuko wala ukosefu wa usingizi katika mwezi wa kwanza baada ya tukio. Mwili huzizoea haraka, na mtu anapoziacha usingizi huwa mbaya kuliko ulivyoanza.

La tatu ni semina ya siku moja yenye fulana, soda na picha ya pamoja. Ujuzi wa kutuliza mwili unahitaji mazoezi ya wiki kadhaa. Fulana zitabaki.

Kinachofanya kazi hakihitaji kuagizwa kutoka mbali, kwani kimepimwa katika ardhi hii. Mwaka 2003 yalichapishwa matokeo ya vikundi vya mazungumzo katika vijiji 30 vya Masaka na Rakai, hapa Uganda: wiki 16, wanawake na wanaume wakikaa mbalimbali, waongozaji ni watu wa kawaida waliofundishwa kwa wiki mbili, na sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito, ilipungua sana. Katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, kwenye utafiti uliochapishwa mwaka 2008, wakimbizi waliofundishwa kuwa washauri waliwahudumia Wanyarwanda na Wasomali wenye kiwewe cha vita, nao wakapata nafuu. Mwaka 2020 yakaja matokeo ya makazi ya wakimbizi ya Rhino Camp: wanawake 694 kutoka Sudan Kusini, vijiji 14, programu ya Shirika la Afya Duniani iitwayo Self-Help Plus. Vikao vitano vya saa mbili, maelezo yamerekodiwa kwa sauti, kuna kitabu cha picha, na waongozaji si wataalamu. Miezi mitatu baada ya vikao, waliohudhuria walikuwa na dhiki ndogo kuliko wenzao. Rekodi ya namna hiyo kwa Kiswahili kinachosikika Uvira na Bunia, mashariki mwa Kongo, na si Kiswahili cha taarifa ya habari, ingefika vijiji vingi kwa gharama ya spika na betri.

Mazoezi yenyewe huharibika kwenye vitu vidogo, hivyo tuseme kwa undani. Wengi wanapofundisha kupumua husema "vuta pumzi kwa nguvu". Ni kosa. Anayevuta kwa nguvu na kwa haraka anatoa hewa ya kaboni kupita kiasi, midomo na vidole vinafanya ganzi, kichwa kinazunguka, na mtu mwenye hofu anaamini anakufa. Lengo ni pumzi sita hivi kwa dakika. Mkono mmoja tumboni, hewa iingie puani kwa hesabu ya nne bila kujaza kifua, itoke mdomoni polepole kwa hesabu ya sita, tumbo likishuka. Utoaji uwe mrefu kuliko uvutaji, maana moyo hupunguza kasi wakati hewa inatoka. Dakika tano, mara mbili kwa siku, na mazoezi yaanze mtu akiwa ametulia. Anayejaribu kwa mara ya kwanza katikati ya hofu kwa kawaida hashindi. Kizunguzungu kikija, apunguze wingi wa hewa na asiongeze juhudi. Msimlazimishe mtu kufumba macho. Kwa aliyevamiwa usiku, giza la macho ndipo picha zinapokaa. Aangalie chini, akanyage ardhi kwa nyayo zote mbili, ataje vitu vitano anavyoviona.

Kwa matatizo ya kila siku tunatumia mbinu ya kuyapanga mafungu matatu: yanayoweza kutatuliwa, yasiyoweza, na yasiyo na uzito. Mtu huchagua moja la fungu la kwanza, jepesi kuanza nalo, anataja njia zote zinazomjia hata za kipuuzi, anachagua moja, anaigawa katika hatua ndogo yenye siku na saa. Kikao kinachofuata huanza kwa kuuliza hatua hiyo ilikwendaje. Inaposhindikana, mara nyingi ni kwa sababu hatua ilikuwa kubwa mno, au mshauri ndiye aliyeichagua. Ushauri wa bure ni mtamu kwa anayeutoa. Na hapa tunarudi kwenu: mtu akija na fungu la kwanza lililojaa mambo yanayongoja sahihi ya ofisi, mbinu hii inafika ukutani.

Usingizi ni mgumu zaidi katika nyumba ya chumba kimoja chini ya turubai, na kanuni za vitabuni hazitoshi. Zinazowezekana ni hizi: kuamka saa ile ile kila siku hata kama usiku ulikuwa mbaya, chai ya rangi na kahawa ziishe mapema mchana, na hofu zitengewe nusu saa kabla ya jua kuzama, mtu akae nazo, azitaje, aziandike akiweza, ili zikija usiku aziambie zisubiri kesho. Waragi humlaza mtu haraka na humwamsha usiku wa manane. Nusu ya pili ya usiku inaharibika. Kumwambia hivyo mlevi hakumwachishi pombe, ila wanaokunywa ili walale tu hushangaa kusikia, na baadhi hubadilika.

Kuhusu fomu za kupimia: hojaji ya maswali 20 ya ndiyo na hapana inayotumika sana huuliza kama hamu ya chakula imepungua, kama tumbo linasumbua, kama mtu halali vizuri, katika siku 30 zilizopita. Mwulizeni hivyo mtu aliyepunguziwa rasheni mwezi huo na atajibu ndiyo bila kuwa mgonjwa wa akili. Takwimu zinazopatikana hivyo huonekana za kutisha kwenye ripoti na hazimsaidii mtu. Fomu iwe mwanzo wa mazungumzo, na alama ya mpaka wake, yaani majibu mangapi ya ndiyo yanamhesabu mtu kuwa na tatizo, ikaguliwe upya mahali inapotumiwa.

Wapo wasiofaa kubaki kwenye kikundi hata kidogo, na muhudumu yeyote ajue kuwatambua: anayesikia sauti, aliyeacha kula na kunyonyesha, anayezungumza habari za kufa. Huyu wa mwisho aulizwe wazi kama anafikiria kujiua. Kuuliza hakumpandii wazo hilo. Asiachwe peke yake, dawa za kuulia wadudu wa shambani ziondolewe nyumbani siku hiyo hiyo, na apelekwe kituo cha afya cha ngazi ya tatu au ya nne chenye muuguzi wa magonjwa ya akili. Tunaomba orodha ya vituo hivyo, siku ambazo muuguzi yupo, na usafiri wa dharura wa usiku. Rufaa ya kwenda mahali ambapo muuguzi huja Jumatano tu si rufaa siku ya Alhamisi.

Mwisho, wahudumu wenu. Karani anayetukanwa dirishani kutwa kwa uamuzi asioufanya yeye anachoka, kisha anakuwa baridi, kisha anaanza kuwaona watu wote kuwa waongo. Hizo ni hatua zinazojulikana za kuchakaa kazini, na Robert Karasek alionyesha tangu 1979 kwamba kazi inayoumiza zaidi ni ile yenye mzigo mkubwa na mamlaka madogo. Mpeni mamlaka ya kutatua angalau makosa madogo ya majina papo hapo. Mbadilisheni dirishani kila baada ya saa mbili. Washauri wa kujitolea wapate usimamizi wa kila wiki, watu sita kwa msimamizi mmoja, saa mbili, posho ya usafiri ikilipwa siku hiyo. Pale usimamizi unapokatwa ili kuokoa bajeti, baada ya miezi michache washauri wazuri wameondoka na waliobaki wamerudia kutoa mahubiri.

Tuko tayari kukutana nanyi katika kikao cha kwanza cha uratibu mtakachotuitia. Tutakuja na mfano wa ubao wa matangazo, karatasi ya majibu ya rufaa ya ukurasa mmoja kwa Kiswahili, na ratiba ya mafunzo ya wiki mbili.

Wenu katika kazi,

Washauri wa afya ya akili wanaohudumu kwa Kiswahili, magharibi mwa Uganda